Alama Ndogo ni ya Kusomwa: Kuhusu Kurudia Mtihani wa GMAT

Mhadhara kwa wafanyakazi vijana wanaojiandaa kuomba shule za biashara, Feri, Dar es Salaam

Wengi mmetoka kazini moja kwa moja, nawaona wa Posta na wa Kivukoni, vitambulisho vya ofisi bado viko shingoni. Wengine mtavuka na pantoni kurudi Kigamboni, kwa hiyo sitawaweka hadi usiku. Nimeelezwa kwamba karibu nusu ya waliomo humu wameshafanya GMAT mara moja na matokeo hayakuwafurahisha. Hao ndio nitakaozungumza nao zaidi.

Ninalotaka kusema ni moja, na mengine yote yatalizunguka hilo: alama ndogo ni ya kusomwa. Nimefundisha watu wa mtihani huu kwa miaka, na anayepandisha alama huwa namtambua mapema. Anakaa na matokeo yake mabaya muda mrefu kuliko anavyokaa na kitabu kipya. Asiyepandisha huyatazama mara moja, akaumia, akayafunga, kisha akanunua kitabu kingine kinene, akajiunga na tuisheni nyingine, akapiga msuli hadi alfajiri, na alama ikarudi ileile. Juhudi alikuwa nayo tele. Hakujua tu aielekeze wapi.

Kwa nini inatuwia vigumu kuyasoma matokeo? Naamini tulizoeshwa hivyo tangu shule. Matokeo ya Baraza la Mitihani yanatoka kwa namba ya mtahiniwa, herufi pembeni ya kila somo, na daraja. Hesabu, F. Basi. Huambiwi kwamba aljebra uliiweza na uwiano ukakushinda, wala kwamba ulikuwa unaelekea vizuri ila muda ukaisha. Mtoto wa miaka 17 anabaki na sentensi moja kichwani, kwamba hesabu si zake, na anazeeka nayo. Nimewakuta mameneja wa matawi ya benki, watu wanaoidhinisha mikopo ya mamilioni kila wiki, wanaoniambia kwa dhati kabisa kuwa hesabu si zao.

Wamo humu waliomaliza kidato cha nne mwaka 2012. Mnajua ninachokisema. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000, karibu sita katika kila kumi, walipata daraja sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Tume ikaundwa, na Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile, lakini madaraja ya watu yakabadilika. Aliyekuwa kidato cha nne wakati ule sasa yuko kwenye thelathini hivi, umri uleule ambao watu huomba MBA. Kuna waliorudia kama watahiniwa wa kujitegemea, wakapitia cheti na diploma, wakapata shahada zao, na leo wako kwenye ofisi hizihizi zinazotuzunguka. Mtu wa namna hiyo akiona alama ndogo kwenye skrini ya GMAT, jeraha la 2013 linafunguka upya, naye anafanya alichofanya wakati ule: anageuza uso. Ninamwelewa kabisa. Ila safari hii kugeuza uso kunamgharimu, kwa sababu mtihani huu, tofauti na ule, unamwambia alikokosea.

Kwanza tujue ni mtihani wa nini, maana woga mwingi unatokana na kuudhania makubwa. Mwaka 1953 wawakilishi wa shule tisa za biashara za Marekani, zikiwamo za Harvard, Columbia na Chicago, walikubaliana kuwa na mtihani mmoja wa kuwapima waombaji. Ulianza kufanywa mwaka 1954, na jina la GMAT likaja mwaka 1976. Shida yao ilikuwa ndogo na ya wazi. Mbele yao yuko mwombaji mwenye shahada ya historia kutoka chuo kimoja na mhandisi kutoka chuo kingine, na vyuo hivyo havitoi maksi kwa kipimo kimoja. Nani kati yao atayamudu masomo ya mwaka wa kwanza? Swali lao liliishia hapo. Hawakutafuta kipimo cha nani ataendesha kampuni vizuri, wala nani ni mwaminifu, wala nani anajua kukaa na wateja. Mwanamke anayekaanga samaki hapo sokoni Feri na kusomesha watoto watatu kwa karai lile anaweza asipate hata nusu ya alama za mtihani huu, na biashara anaijua kuliko mimi.

Mtihani wa sasa ulianza Novemba 2023, na mapema mwaka 2024 ule wa zamani ukafungwa. Una sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, na uchambuzi wa takwimu maswali 20. Alama zinaanzia 205 hadi 805 na daima huishia na 5. Wastani wa duniani unazunguka 550. Nayasema haya kwa sababu wengi wenu mnasoma vitabu vya zamani, vile vinavyopangwa chini kando ya barabara pale Posta. Bei yake ni nzuri na baadhi ya maswali yake bado yanafaa, lakini vina jiometri, vina masahihisho ya sarufi, vina insha, na vyote hivyo vimeondolewa. Nimemwona kijana aliyemaliza majuma mazima kwenye duara na pembetatu ambazo hazikuwa na nafasi tena kwenye mtihani. Tena vitabu hivyo vinasema lengo ni 700. Kwa kipimo kipya, alama inayokaa mahali pa ile 700 ya zamani ni 645, na aliyeipata yuko juu ya zaidi ya watu wanane katika kila kumi. Ukiwa na 595 mkononi ukalia kwamba hukufika 700, umelia bure.

Sasa nije kwenye kuyasoma matokeo yenyewe. Baada ya mtihani unapewa taarifa rasmi. Ukurasa wa kwanza una namba kubwa, na watu wengi wanaishia hapo. Zinazofuata ndizo zenye mali: jinsi ulivyofanya katika kila aina ya swali, na jinsi ulivyotumia muda wako. Binti mmoja, mhasibu wa ofisi moja ya mjini hapa, alikuja kwangu na 445. Alikuwa tayari na CPA, cheti cha juu cha uhasibu, na hilo ndilo lililomkata maini. Mtu mwenye CPA anashindwaje hesabu za sekondari? Alikuwa ameshaamua kurudia Hesabu zote kuanzia kidato cha pili. Nikamwomba tufungue taarifa yake kwanza, maana hakuwa ameipita namba ile ya mwanzo.

Kwenye hesabu alikuwa na shida ya dakika. Maswali mawili ya katikati yalikuwa yamemla zaidi ya dakika tano kila moja, na manne ya mwisho aliyajibu kwa haraka ya kubahatisha. Ukigawa dakika 45 kwa maswali 21 unapata dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali, kwa hiyo yale mawili yaliwanyang'anya ndugu zao haki yao. Sehemu iliyomwangusha kweli ilikuwa takwimu, na ndani ya takwimu aina moja ya swali: yale yanayokuuliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Lugha yake ilikuwa ya kawaida. Mpango wa kurudia kidato cha pili ukafia pale pale mezani. Hesabu alizijua.

Swali la aina hiyo nitawaonyesha moja nililolitunga mwenyewe, tulifanye pamoja, kwa sababu hapa ndipo shule zetu na mtihani huu vinapoachana njia.

Mchuuzi alinunua fungu la changu mnadani akaliuza lote. Je, faida yake ilizidi asilimia 20 ya bei aliyonunulia? Taarifa ya kwanza: aliuza kwa shilingi 30,000 zaidi ya alivyonunua. Taarifa ya pili: bei ya kuuzia ilikuwa mara moja na robo ya bei ya kununulia. Huulizwi faida ni kiasi gani. Unaulizwa kama taarifa ya kwanza peke yake inatosha, au ya pili peke yake, au mpaka zote mbili ziunganishwe, au kila moja inajitosheleza, au hata zote kwa pamoja hazitoshi.

Mhasibu wangu alichukua kalamu. Bei ya kununulia akaiita x, akaandika x kujumlisha 30,000 ni sawa na x mara moja na robo, akapata 120,000, bei ya kuuzia 150,000, faida asilimia 25. Kazi safi kabisa. Akachagua jibu la kwamba zinahitajika zote mbili, na akakosa. Taarifa ya pili peke yake imeshamaliza mambo: ukiuza kwa mara moja na robo, faida ni asilimia 25 hata kama fungu lilikuwa la shilingi elfu kumi au la milioni. Ya kwanza peke yake haitoshi, kwa sababu 30,000 juu ya 100,000 ni asilimia 30, na juu ya 300,000 ni asilimia 10. Jibu ni la pili peke yake.

Kwa nini mtu mwenye CPA anaingia kwenye mtego huo? Kwa sababu amelelewa kuamini kwamba namba iliyowekwa kwenye swali imewekwa itumike. Kwenye mitihani yetu, ukimaliza swali ukaona kuna namba hukuigusa, unarudi nyuma kwa wasiwasi. Na tumelelewa kuonyesha njia, kwa sababu njia ina maksi zake: hata jibu likiharibika, mwalimu atakupa mbili za njia. GMAT haina maksi za njia. Hakuna anayeona kalamu yako. Umefanya kazi ya dakika tatu kuthibitisha kitu ambacho hukuulizwa, na kompyuta imekuandikia kosa.

Kuna mtego wa pili ndani ya swali hilohilo. Tuseme taarifa ya pili ingesema bei ya kuuzia ilikuwa mara moja na moja ya kumi. Faida ni asilimia 10, jibu la swali ni hapana. Je, taarifa inatosha? Inatosha kabisa, maana imekupa jibu la uhakika. Lakini wengi wanaona “hapana” wanaandika “haitoshi”. Nimeliona kosa hili kwenye madaftari mengi mno, na linakufa baada ya wiki moja tu ya kuliangalia usoni.

Madaftari hayo ndiyo zana yangu kubwa, nami siwezi kumfundisha mtu asiyekubali kuwa nalo. Daftari la kawaida, la kaunta. Kila swali ulilokosa kwenye mazoezi unaliandika humo kwa maneno yako, na pembeni yake sababu ya kulikosa, na sababu iwe ya kweli. “Uzembe” si sababu, nakataza neno hilo. Andika kwamba ulisoma “angalau” ukaelewa “zaidi ya”. Andika kwamba ulijua kanuni lakini hukutambua kwamba hapa ndipo mahali pake. Andika kwamba hukuijua kanuni kabisa, na hiyo ndiyo pekee inayotibiwa kwa kusoma sura ya kitabu. Andika na yale uliyopata kwa kubahatisha, maana hayo ni makosa yaliyovaa nguo za sikukuu, na siku ya mtihani yanazivua. Kila Jumamosi unafanya upya maswali ya wiki iliyopita bila kuangalia majibu. Linalokushinda mara ya pili linabaki daftarini, linalokubali unalifuta. Mhasibu wangu alipofika ukurasa wa kumi hivi, akaona mwenyewe kwamba makosa yake mengi mno yalikuwa ya namna tatu. Tatu! Alikuwa ameogopa bahari nzima.

Wanafunzi wetu wanapenda kusolvu. Mapepa ya miaka kumi, moja baada ya jingine, na anayesolvu mengi ndiye anayeheshimiwa kwenye kikundi. Hilo lina maana kwenye mitihani ambayo maswali yake yanarudi kwa sura ileile. GMAT haikurudishii swali. Tena inakuchagulia maswali kadiri unavyojibu: ukiweza, linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linalegea. Kwa hiyo hata anayefanya vizuri sana anatoka chumbani akihisi amepigwa, na hisia hiyo isiwadanganye. Kosa linaloumiza ni kukosa yaliyo rahisi. Na linaloumiza kuliko hilo ni kuacha maswali ya mwisho bila kuyajibu, kwa sababu kuacha kunakatwa alama.

Hapo ndipo linapokuja suala la kuachia, nalo kwa watu wenye bidii ndilo gumu kuliko aljebra. Nendeni hapo sokoni alfajiri, mnada ukiwa umechangamka, mkaangalie mchuuzi mzoefu. Dalali amemwaga fungu la tasi na kolekole, bei inapanda, kelele zinapanda. Mchuuzi huyu amelitazama fungu kwa macho tu, mara nyingi hakuna mizani, na kichwani ameshapiga: samaki wangapi wakubwa, barafu kiasi gani, nauli ya kuwafikisha Buguruni au Tandika, watauzika kwa ngapi hadi saa nne. Ana bei yake ya mwisho. Bei ikiipita, anageuka anaelekea fungu jingine, bila kinyongo, wala harudi kulitazama lile alilolikosa. Mchanga katika kazi anaingia ushindani, anapandisha kwa sababu tayari ameshapandisha, na fungu linamwangukia kwa bei ya hasara. Swali la GMAT lililokula dakika tatu ni fungu lililopita bei yako. Bahatisha jibu, liwekee alama ya kulirudia, songa mbele. Sehemu ikiisha na muda ukabaki, mtihani unakuruhusu kurudi na kubadilisha majibu hadi matatu. Mhasibu wangu tulimfundisha kuachia kwa saa ya mkononi: kila maswali saba anatazama saa, na akiwa nyuma, swali gumu linalofuata ndilo linalolipa deni. Wiki mbili za kwanza alilia. Kulikimbia swali analojua angeliweza akipewa dakika nne kulimuuma kama dharau.

Sasa lugha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapowasikia wengi mkisema “hesabu nitajaribu, lakini Kiingereza basi tena”. Wengi wetu tumesoma msingi kwa Kiswahili na tukahamishiwa Kiingereza sekondari, na wachache tulipewa daraja la kuvukia. Matokeo yake ni kwamba tunasoma aya ya Kiingereza sentensi kwa sentensi, tunaigeuza kimya kimya kichwani, na tukifika mwisho tumesahau mwanzo. Kwa maswali 23 ndani ya dakika 45, huwezi. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kukariri orodha za maneno magumu. Mimi siupendi. Mtihani huu wa sasa haupimi msamiati wa ajabu, unapima kama umeiona hoja. Na hoja, ndugu zangu, tunazo. Kijiwe chochote cha kahawa mjini hapa kina watu wanaoweza kuibomoa hoja ya mwenzao kabla kikombe hakijapoa.

Chukueni hii. Mwandishi anasema: wiki ya mbalamwezi, dagaa waliofika sokoni walikuwa nusu ya wale wa wiki ya giza, kwa hiyo mwezi ukiwaka dagaa huhamia maji ya mbali. Swali: ni jambo gani mwandishi amelichukulia kuwa kweli bila kulisema? Mtu wa pwani hahitaji kamusi. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka taa haina nguvu, na vyombo vingi haviendi baharini. Mwandishi amedhani kwamba idadi ya vyombo ilikuwa ileile wiki zote mbili. Ukimwambia nusu ya vyombo vilikuwa vimefungwa ufukweni, hoja yake imeanguka, maana inawezekana dagaa hawakuhama hata hatua moja.

Zoezi langu ni hilo. Soma aya ya Kiingereza mara moja, funga kitabu, isimulie kwa Kiswahili kwa sentensi moja: anataka tuamini nini, na kwa sababu gani. Ukishindwa, hukuelewa, na kusoma majibu matano hakutakusaidia. Ukiweza, tafuta tundu lake kabla hujaangalia majibu. Baada ya wiki kadhaa utaona kwamba hugeuzi tena kila sentensi, unaibeba hoja nzima kwa mkupuo. Pamoja na hilo, soma Kiingereza cha watu wazima kila siku, dakika ishirini ndani ya daladala au kwenye foleni ya pantoni: uchambuzi wa uchumi, ripoti za benki kuu, makala za sayansi. Simu mnazo, na bando mnanunua kila siku kwa mambo mengine.

Mengine nitayapitia haraka. Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 16, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Ruhusa ya siku 16 wengi wanaigeuza kuwa ratiba. Siku 16 zinatosha kutuliza hasira na kufungua daftari, basi. Ada ni mamia ya dola za Marekani, na kwa karani wa ofisi nyingi za mjini hapa huo ni mshahara wa mwezi. Sipendi kuona mtu akiutoa mara tatu kwa kubahatisha. Waandaaji wanatoa mitihani miwili kamili ya majaribio bure, na mingine ya kulipia. Hiyo miwili msiimalize wiki ya kwanza kwa pupa. Mmoja uwe wa kuanzia, mwingine uwekwe hadi mnapokaribia siku. Ifanyeni saa ileile mtakayofanya mtihani, bila simu, bila chai katikati, mapumziko yale dakika kumi tu. Mnaotaka kuufanyia nyumbani, fikirieni umeme na intaneti ya mtaani kwenu kabla ya kulipia. Mimi huwashauri waende kituoni.

Kuna wanaouza “maswali yenyewe”. Najua mnatumiwa kwenye simu, najua bei zake. Mwaka 2008 waandaaji walifuta alama za watu 84 waliohusika na mtandao uliokuwa ukiuza maswali halisi, na shule zao zikaarifiwa. Mtu alikuwa ameshaanza masomo, ameshaacha kazi. Siwatishi. Nawaomba msikaribie, maana kazi ambayo nimeieleza hapa inawezekana kwa mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto, na aliyeifanya hana haja ya kununua kitu.

Na hili watu hawalijui: kwa mtihani wa sasa, shule inaona alama ile tu uliyoamua kuituma. Ukipata ndogo usipoituma, hakuna dawati la London wala Boston litakaloiona. Alama hudumu miaka mitano. Kwa hiyo ile aibu mnayoibeba, mnaibeba peke yenu, hakuna aliyewavika.

Mhasibu wangu alirudi baada ya miezi minne, akapata 555. Kwa wengine hiyo ni namba ya kati tu. Yeye alipanda pointi 110 huku akifunga mahesabu ya mwisho wa mwaka ofisini, na sehemu iliyopanda kuliko zote ilikuwa ileile ya takwimu. Hakuwa na haja ya 645, kwa sababu tulikuwa tumeziangalia shule alizozitaka na kiwango cha watu wanaowachukua, na 555 ilitosha kwa mbili kati yake. Hilo lifanyeni mapema: jueni shule mnayoomba inachukua watu wa alama gani, kisha mwamue mnahitaji kupanda kiasi gani. Kupanda kwa ajili ya kupanda kunachosha, na kunawaibia miezi ambayo mngeandika insha zenu za maombi, ambazo nazo zina uzito.

Na kuna ambaye nitamwambia asirudie. Shule nyingi siku hizi zinapokea mtihani wa GRE badala yake, nyingine zimeacha kabisa kudai mtihani kwa mwombaji mwenye uzoefu wa kazi. Ukiwa na miaka arobaini, una maduka mawili Kariakoo, na unachotaka ni kujifunza fedha na uongozi bila kuhama nchi, Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapo Mlimani na chuo cha uongozi cha ESAMI kiko Arusha. Kalinganishe kwanza, uulize wanachotaka, kabla ya kutoa hata shilingi ya ada ya mtihani. Kijana wa miaka 27 anayetaka ufadhili wa shule kubwa ya nje ni mtu mwingine. Huyo alama inamfungulia fedha, kwa hiyo namwambia arudie, arudie vizuri, na aanze wiki hii.

Niliomba mje na taarifa zenu za matokeo, na naona kuna waliozichapisha. Tuweke viti mviringo. Asiyetaka namba yake ionekane aukunje ukurasa wa kwanza, hatutauhitaji. Tufungue ule wa matumizi ya muda, na kila mmoja atafute swali lililomla dakika nyingi kuliko yote.